Depite amesema nini? Masisi na Walikale, kutoka barza mpaka simu

Ndugu na dada, wenzangu tuliomaliza masomo na ninyi mlio bado kwenye auditwari, leo mnivumilie kidogo. Nataka kuandika historia, lakini ni historia ya kitu tunachokishika mkononi kila siku: simu, na maneno ya wanasiasa wetu yanayopita ndani yake.

Tarehe 4 Januari 2025, siku ya Jumamosi, M23 waliingia Masisi-Centre. Mimi nilikuwa Goma. Baba yangu mdogo alikuwa kule. Usiku mzima nilimpigia, simu yake haikupita hata mara moja. Kesho yake alipanda kilima kutafuta rezo, na ndipo aliponipata. Nilifikiri ataniuliza kama barabara ya Sake iko wazi, ama ataniomba nimtumie uniti. Hapana. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: «Mutoto wangu, depite amesema nini?»

Nilishangaa. Askari alikuwa anawaona kwa macho yake. Watu waliokimbia, aliwaona. Sasa maneno ya depite yangemsaidia nini? Nilimjibu kwamba sijui, nitaangalia. Nilipofungua simu, nikakuta maandishi mengi sana, karibu yote ya Kifaransa. Hakuna hata moja lililokuwa linamjibu yeye.

Swali hilo halijanitoka kichwani. Nimesoma historia, kwa hiyo nilianza kulitafutia mizizi. Nilichokiona ni kwamba wakaaji wa Masisi na Walikale wamekuwa wakiuliza swali hilo hilo kwa karibu miaka mia moja. Kilichobadilika ni chombo tu.

Tuanze na barza. Masisi ina collectivités nne: cheferi ya Bahunde, cheferi ya Bashali, na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina mbili, Bakano na Wanianga. Zamani neno la utawala lilishuka kwa mwami ama kwa chefu wa sekta, kisha kwa chefu wa groupement, kisha kijijini. Watu walikaa barzani, wakasikiliza, wazee wakajibu. Barza ilikuwa na kasoro zake. Wanawake na vijana hawakusemea pale kwa urahisi. Lakini ilikuwa na jambo moja zuri: aliyesema neno alikuwa amekaa mbele yako. Ukitoka hapo unajua nyumba yake iko wapi.

Wabeleji walipokuja, barza ikageuka mahali pa kupokea amri. Mfano mkubwa ni ule wa mwaka 1937, ilipoanzishwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Mpaka mwaka 1955, makumi ya maelfu ya watu walitolewa Rwanda na kuletwa milima ya Masisi, hasa upande wa Gishari, kwa sababu wakoloni walitaka mikono ya kazi na walitaka kupunguza watu kule walikotoka. Waliokuwa kwenye ardhi hawakuulizwa. Waliohamishwa nao, wengi hawakuulizwa. Uamuzi ulifanywa mbali, ukasomwa mbele ya watu kama habari iliyokwisha. Wajukuu wa pande zote mbili bado wanalipa deni la uamuzi ule.

Halafu ikaja Zaire na redio yake, La Voix du Zaïre. Fikiri mzee wa Mweso ama wa Kitchanga mwaka 1972. Sheria ya tarehe 5 Januari mwaka huo inatoa uraia kwa watu wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu tangu kabla ya 1950. Miaka tisa inapita. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 inaufuta uraia ule. Mtu analala raia, anaamka si raia, na yote mawili anayasikia redioni, kwa sauti isiyoweza kuulizwa swali. Jirani yake naye anasikia redio hiyo hiyo, na hakuna anayekuja kumweleza ardhi yake itakuwa ya nani. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wetu wanaogopa sana habari zinazotoka juu, soma miaka hiyo tisa.

Na mahali pasipo na mtu wa kuulizwa, uvumi unachukua nafasi. Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, Walikale, watu waliuawa, na vita vikasambaa vijiji kwa vijiji mpaka Masisi yote. Maelfu walikufa. Wengi zaidi walihama. Kabla ya soko lile kulikuwa na hotuba za wanasiasa, kulikuwa na maneno ya chini chini, kulikuwa na «nimesikia kwamba wanajitayarisha». Kila upande ulikuwa na yake. Mwaka 1993 hakuna aliyekuwa na simu mfukoni kule. Ninasema hivi juu ya wale wanaodai kwamba chuki imeletwa na WhatsApp. Chuki ilitembea kwa miguu, na ilifika.

Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kusema, chini ya MONUC na Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Wakubwa wetu wanaikumbuka siku hiyo kama siku ambayo nchi iliyokatwa vipande vitatu ilianza kujisikia moja tena. Wakati huo huo simu za mkononi zilikuwa zinaingia Goma, wakati ndani ya Walikale watu bado walitegemea foni, yaani ile redio ya mawimbi unayolipia ili useme na mtu aliye mbali, huku kila aliyeketi pale anasikia siri yako.

Kwa hiyo tulipopiga kura tarehe 30 Julai 2006, tulichagua madepite ambao wengi wetu tungewasikia zaidi kuliko tungewaona. Hesabu ni rahisi. Walikale peke yake ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000. Rwanda nzima ina kama 26,000. Masisi ni ndogo, haifiki 5,000, lakini muulize motari yeyote atakuambia barabara yake wakati wa mvua ni kitu gani. Kutoka Goma mpaka Masisi-Centre ni kama kilomita 80, na zinaweza kula siku nzima. Depite wa taifa anakaa Kinshasa. Anarudi wakati wa likizo ya bunge, kama barabara inakubali na kama bunduki zinakubali. Akirudi Kinshasa anapaswa kuandika ripoti ya likizo yake. Ripoti hiyo mkaaji wa Nyabiondo ama wa Pinga ataisoma wapi?

Hapo ndipo mitandao ilipopata mlango. Na serikali ilielewa nguvu ya simu mapema kuliko wanasiasa wengi wa chini. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, meseji za SMS zilikatwa nchi nzima kwa majuma kadhaa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ikakatwa tena, ikarudi karibu siku ishirini baadaye. Katikati ya miaka hiyo, Goma, vijana walianzisha LUCHA mwaka 2012, na wakaonyesha kwamba kundi dogo lenye simu linaweza kumlazimisha mkubwa atoe jibu kuhusu maji na barabara. Wanasiasa waliangalia, wakajifunza. Leo ni vigumu kumpata depite asiye na ukurasa.

Lakini kwa Masisi na Walikale kuna jambo jingine, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Kwetu mtandao ulipata uzito kwa sababu milango mingine ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza ulifungwa tarehe 6 Mei 2021, état de siège ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana akawa mwanajeshi. Maadministrata wa teritwari wakatoka, maofisa wa jeshi na polisi wakaingia. Asemble ya jimbo ikasimamishwa. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, na inaweza kurefushwa kwa siku 15, 15. Imerefushwa mpaka tumechoka kuhesabu. Sasa jiweke mahali pa depite wa jimbo. Watu walikupigia kura. Jina la depite unalo bado. Lakini chumba cha kusemea kimefungwa, na administrata uliyezoea kumwita akujibu maswali sasa ni kanali. Utasemea wapi? Redioni, na kwenye simu. Ndiyo maana katika miaka hiyo jina la Alexis Bahunga, depite wa jimbo aliyechaguliwa Masisi, lilikuwa linatokea kwenye habari karibu kila mapigano yakianza upande wa Bashali ama Osso. Ndiyo maana Juvénal Munubo, depite wa taifa wa Walikale na mjumbe wa tume ya ulinzi na usalama bungeni, alizoeleka kwa maandishi yake Twitter kuhusu usalama wa mashariki. Sitaki kumsifu wala kumlaumu mtu. Ninaonyesha tu kwamba simu ilikuwa imekuwa asemble.

Mlango wa pili ulifungwa Desemba 2023. Nchi ilipiga kura tarehe 20. Masisi na Rutshuru hazikupiga, juu ya vita. Walikale walipiga. Fikirini maana yake: teritwari mbili jirani, moja ina mtu wa kumuuliza kwa haki ya kura mpya, nyingine haina. Mtu anayeandika leo «kwa jina la wakaaji wa Masisi» anaandika kwa mandate ya zamani, ama kwa mapenzi yake tu. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini wakaaji hawana karatasi ya kumwondoa.

Mlango wa tatu mnaujua. Rubaya, tarehe 30 Aprili 2024. Masisi-Centre, tarehe 4 Januari 2025. Goma, mwisho wa mwezi huo huo. Walikale-Centre, tarehe 19 Machi, kisha M23 wakatoka pale mwanzoni mwa Aprili. Baada ya Goma kuchukuliwa, hata depite anayetaka kurudi kwa watu wake hawezi kupanda gari Goma akaenda Masisi. Barza yake, ofisi yake, likizo yake ya bunge, vyote vimeingia ndani ya kioo cha simu.

Tuangalie basi kioo hicho kinafanya kazi namna gani. Motari anaona watu wanakimbia. Anapiga foto, anatuma kwenye grupu la kijiji. Mwalimu mmoja anaipeleka kwenye grupu la teritwari. Pale yuko mtu wa shirika la raia na yuko depite. Depite anaandika maneno matano ama sita ya Kifaransa, anaweka kwenye ukurasa wake. Mwandishi wa habari anamuona, anampigia. Jioni redio inasema kwa Kiswahili, na yule motari, akiwa na redio na betri, anasikia habari aliyoituma yeye mwenyewe asubuhi. Habari imezunguka dunia, imerudi pale pale.

Mzunguko huo si bure. Umesaidia kijiji kisichojulikana kutajwa kwa jina. Umefanya wenye misaada wajue watu wamelala kwenye shule gani. Lakini angalieni: katika mzunguko wote ule, motari hakujibiwa. Alisikika, hakujibiwa. Na mtu asiye na simu ya kioo, mama anayelima, mzee asiyesoma Kifaransa, hakuwemo kabisa.

Nitoke kidogo nyumbani niwape mfano wa jirani. Kenya, karibu na Nakuru, kuna mahali panaitwa Lanet Umoja. Chifu wa pale, Francis Kariuki, alianza kutumia Twitter mwaka 2011. Wakaaji wasio na simu ya kioo walikuwa wanapokea maneno yake kama SMS ya kawaida. Mwanzoni mwa 2012 habari zake zilienea duniani: wezi waliingia nyumbani kwa mwalimu usiku wa manane, chifu akaandika, majirani wakatoka, wezi wakakimbia. Kondoo akipotea, chifu anaandika, kondoo anaonekana. Mambo madogo.

Kwa nini ilifaulu? Nimefikiri sana. Kariuki alikuwa anaandika kwa watu wanaoweza kufika kwa miguu. Neno lake lilikwenda mita mia tatu. Maneno ya kwetu yanakwenda Kinshasa, Bruxelles na New York, na kule yanahesabiwa na kupendwa, lakini aliye mita mia tatu hakuyaelewa. Ndiyo, najua, Masisi si Nakuru. Jirani hawezi kutoka na filimbi kukabili watu wenye bunduki nzito. Lakini bado kuna maneno ambayo jirani anayahitaji na hayahitaji jeshi: barabara gani imefungwa, kituo gani cha afya kina dawa, foto gani ni ya uongo.

Kuhusu foto ya uongo, niungame. Mwaka 2024 nilipokea foto ya nyumba zinazoungua. Juu yake waliandika jina la kijiji cha Masisi ambacho shangazi yangu anakaa karibu nacho. Nikaituma kwenye grupu la ukoo bila kuuliza. Kumbe foto ilikuwa ya zamani, na wala si ya nchi yetu. Shangazi alipoelezwa na mtoto wake alibeba wajukuu, akatembea usiku, mvua inanyesha. Mjukuu mmoja aliugua homa ya mapafu. Alipona, Mungu asifiwe. Mimi ni graduate, nimefundishwa kukosoa vyanzo, nimeandika TFC yenye kurasa za bibliografia. Na nilifanya alichofanya mtu wa soko la 1993: nilipeleka nilichosikia. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, «Nilijua haiwezi kuwa uongo, juu imetoka kwako.»

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la baba mdogo. Hakuuliza depite amesema nini ili apate habari. Habari alikuwa nayo. Aliuliza ili ajue kama kuna mtu mwenye jina, mtu aliyeombwa kura, ambaye amesema na wao, na ambaye kesho anaweza kuulizwa. Ni kile kile wazee walichokuwa wanatafuta barzani. Mtu akijificha nyuma ya kioo, kioo hakina kosa.

Sasa sisi tufanye nini? Wengi wetu ndio tunaoandikia wanasiasa hawa. Tuseme ukweli: nyuma ya kurasa nyingi za madepite kuna kijana graduate mwenye simu mbili, analipwa kidogo ama halipwi. Kwa hiyo tuna nguvu kuliko tunavyofikiri. Mimi nimejiwekea masharti matatu, na ninayapeleka kwenu.

La kwanza ni lugha. Tangazo likihusu Masisi ama Walikale, litoke kwa Kiswahili kwanza, na kama inawezekana lisemwe kwa sauti, kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda. Sauti ya dakika moja inamfikia mama ambaye ukurasa mzima hautamfikia. Na lugha zote zisemwe na mtu mmoja, maneno yale yale, ili pasiwe na neno la hawa na neno la wale. Tulishaona hilo linaishia wapi.

La pili ni jibu. Depite akiandika leo kwamba «tumepeleka jambo kwa waziri», wiki mbili baadaye aandike waziri alijibu nini, hata kama jibu ni kimya. Nimepitia kurasa kadhaa kwa subira. Malalamiko ni mengi mno, majibu ni machache mno. Hapo ndipo mkaaji anapochoka.

La tatu ni kuhifadhi. Sisi wanahistoria tunalia kwamba hatuna maandishi ya barza za zamani. Je, miaka ishirini ijayo tutakuwa na maandishi ya 2021 mpaka leo? Yamo ndani ya magrupu. Simu zinaibwa, zinanyang'anywa kwenye bariere, watu wanafuta kila kitu kabla ya kupita, na wana haki ya kufuta, ni maisha yao. Anayeweza kuandika pembeni, kwa tarehe na mahali bila majina ya watu, aandike. Siku moja mahakama itauliza. Watoto pia watauliza.

Baba mdogo yuko hai. Rezo ikikubali ananipigia Jumapili. Juzi nilimsomea kwa Kiswahili maandishi ya mwanasiasa mmoja wa kwetu, nikiyatafsiri polepole. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekitafsiri kwa sababu hakikuwemo: «Na sisi tukitaka kumujibu, tunapitia wapi?»

Nilimwambia aseme, nitaandika. Amesema kwa dakika kumi na mbili. Niliandika yote, nikamsomea tena ahakikishe, nikapeleka. Leo ni siku ya tisa. Bado tunangoja.